Orenji kwenye tyubu: geuza usome nyuma

Haya jamani, asanteni kwa kuja, nyie wa nyuma mnanisikia? Sawa. Leo naongea rangi moja tu, rangi ya machungwa, orenji, kwenye rangi za mafuta.

Kuna picha niliipaka miaka ya nyuma, mama kakaa mkekani kajifunga kanga ya orenji imekolea hasa, nikampa dada yangu akaitundika ukumbini mkabala na dirisha. Miaka miwili baadaye naenda kumsalimia, naangalia ukutani, kanga imepauka hadi imekuwa kama chai iliyozidi maziwa. Uso wa mama uko vilevile, mkeka uko vilevile, kanga ndio haipo. Niliumia jamani. Nikarudi nikaitafuta ile tyubu, mbele imeandikwa kadimiamu, yaani ile orenji ya bei, kwa herufi kubwa, pembeni yake kuna kineno kidogo cha kukwambia kwamba inafanana tu, siyo yenyewe, na nyuma kabisa, herufi za kutafuta kwa miwani, PO13.

Hiyo PO ndio imenileta hapa leo. Rangi ya mafuta ni unga wa rangi umesagwa na mafuta, mara nyingi mafuta ya kitani, basi. Kwa hiyo kinachoamua kama orenji yako itadumu ni ule unga hasa, na kila unga una namba yake, PO ni kundi la machungwa, PY njano, PR nyekundu. Jina la mbele mwenye kiwanda anaweza kuliita anavyotaka, namba ndio inasema ukweli.

Na orenji imewatesa wachoraji tangu zamani, msidhani ni sisi tu. Venice, karne ya 16, walikuwa na jiwe linaitwa realga, jina limetoka Kiarabu, rahj al-ghar, yaani vumbi la pangoni. Ni arseniki na salfa, sumu kabisa. Titian, mchoraji wa huko huko Venice, aliitumia kwenye picha yake ya Bacchus na Ariadne, ile ya 1520 hadi 1523 iliyopo National Gallery kule London, shuka la machungwa la yule mwanamke anayepiga matoazi. Sasa realga ikikaa kwenye mwanga inageuka unga wa njano unaobomoka, haipauki tu, inabadilika umbo lenyewe ndani. Yaani mtu anahatarisha mapafu yake kuisaga halafu mwanga unakuja kuila, na alikuwa hana nyingine iliyong'aa kama hiyo, ndio maana nasema wale watu walikuwa na moyo.

Mambo yalibadilika 1797, Mfaransa anaitwa Vauquelin alipolichunguza jiwe jekundu kutoka Siberia akakuta metali mpya ndani yake, akaiita kromiamu kwa sababu ya rangi zake. Ukiunganisha kromiamu na risasi, ile metali nzito, unapata njano, ukiichemsha na kitu kikali kama chokaa inasogea kwenye orenji, na chembe zikiwa kubwa rangi inazidi kukolea. Nendeni mkatafute picha ya mchoraji Mfaransa Renoir ya mwaka 1875, ya mtumbwi wa wanawake wawili mtoni. Mtumbwi ni orenji ya kromiamu, maji ni bluu ya kobalti, na zile mbili zikikaa pamoja kila moja inampigia mwenzake kelele, ukitazama unaona mtumbwi kama unatikisika. Mimi ile picha ndiyo iliyonifanya nipende orenji, na ndiyo maana nawaambia mkipata orenji nzuri mpeni bluu jirani, msiizungushie mekundu tupu.

Kadimiamu yenyewe aliigundua Stromeyer, Mjerumani, 1817. Orenji yake ni PO20, inafunika vizuri sana, mpako mmoja wa brashi na kilicho chini hakionekani. Bei yake ndio hiyo mnaijua. Hatari yake ni vumbi, kwa hiyo msiipige msasa ikikauka na msiipulizie, kuipaka kwa brashi haina shida. Na haipendi unyevu ukikutana na mwanga, sisi tunaopaka karibu na bahari tuwe makini picha isikae juani.

Mpya mpya ni hizi za unga unaoitwa pairoli, namba yake PO73, ndugu zake wanapakwa hata kwenye magari, kwa hiyo jua zinalijua. Ina nguvu, tia kidogo sana kwenye nyeupe uone. Kama hela ni ya tyubu moja mimi ningenunua hiyo. Unaweza pia kuchanganya njano na nyekundu, si vibaya, ila ukishachanganya mbili halafu ukaongeza ya tatu tope linaanza kuingia, tyubu yenye unga mmoja inabaki safi muda mrefu.

Na kabla hamjaiamini tyubu yoyote, hata yenye namba nzuri, pakeni mstari kwenye kipande cha kanvasi, nusu mfunike na foili ya jikoni, bandikeni dirishani miezi mitatu minne halafu mfunue. Cha kwangu nimekuja nacho, PO13 na PO73 pamoja, kinazunguka hapo mbele, naomba mkishike pembeni kabisa ili kila mtu aone ule mpaka wa foili.