Fremu Ndiyo Inayoamua: Kuboresha Baiskeli ya Mlima ya Alumini

Mabibi na mabwana, mafundi na waendeshaji, karibuni.

Leo tunaizungumzia baiskeli ya mlima ya alumini yenye shoki mbele peke yake, ile inayoitwa haditeli. Mpya ya dukani tutaiacha. Nitachukua ile ya mtumba inayouzwa Nairobi, Arusha na Dar es Salaam: magurudumu ya inchi 26, ya miaka ya 2003 hadi 2012 hivi, sproketi tatu mbele, gia nane au tisa nyuma. Mara nyingi fremu yake bado ni nzima. Kinachomchosha mwendeshaji ni vilivyofungwa juu yake, na hivyo vinabadilishika. Ila vibadilishwe kwa vipimo, kwa sababu fremu ya alumini haikubali kulazimishwa. Fremu ya chuma fundi anaweza kuipanua nyuma kidogo ili ekseli ndefu iingie. Ya alumini ukiifanyia hivyo, unapanda ufa utakaojitokeza baadaye, pengine uko kwenye mteremko.

Basi kazi ya kwanza ni kitambaa, spiriti na tochi. Tazameni fremu hii iliyo hapa mezani. Nafuta shingo, pale bomba la juu na la chini yanapokutana na bomba linaloshika foku, ule uma wa mbele wenye shoki, kisha namulika kwa ubavu, si kwa kuelekeza mwanga moja kwa moja. Rangi ikiwa na mstari mwembamba mweusi unaofuata ukingo wa kiungo kilichochomelewa, huo ni ufa mpaka ithibitike vinginevyo. Pitisheni kidole chini ya bomba la chini, nyuma tu ya shingo. Mkihisi kikunjo, baiskeli hiyo iligonga kitu uso kwa uso. Angalieni pia mpasuko unaobana nguzo ya siti, na mabomba ya nyuma karibu na ekseli ya kranki, yaani mikono ya pedali.

Fremu yenye ufa haiendi kwa fundi wa kuchomelea. Alumini ya 6061 hupata nguvu zake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu kiwandani, baada ya kuchomelewa. Moto mpya huilegeza sehemu iliyo jirani na mchomeleo, na karakana ya mtaani haina tanuri la kuirudishia ugumu. Itaonekana imeshika, na itakatika pembeni ya pale palipozibwa.

Fremu ikiwa salama, chukueni kalipa, kile kipimio cha milimita, na daftari. Nafasi kati ya miguu ya nyuma, pale ekseli inapokaa, kwa baiskeli hizi ni milimita 135. Kwa hiyo gurudumu la kisasa la milimita 148 si lenu, hata likiuzwa kwa bei ya bure. Foku ina bomba la inchi moja na moja ya nane, lililonyooka. Foku za sasa nyingi zina bomba linalopanuka chini hadi inchi moja na nusu, na katika shingo nyembamba haziingii. Nguzo ya siti hutofautiana kwa sehemu ndogo sana, 27.2, 30.9, 31.6, kwa hiyo someni namba iliyogongwa juu yake. Sehemu ya usukani inayobanwa na stemu, kishikizo chake cha mbele, ni 25.4 au 31.8. Mwisho, tazameni kama mguu wa nyuma wa kushoto una sikio lenye matundu mawili ya kufungia breki ya diski. Kama halipo, msiombe lichomelewe, sababu mmeshaisikia.

Pesa ya kwanza iende kwenye tairi. Hakuna kifaa kingine kinachobadilisha baiskeli kiasi hicho kwa gharama hiyo. Rimu ya inchi 26 ina kipimo cha milimita 559, na tairi za upana wa inchi 2.1 hadi 2.25 bado zinatengenezwa na Maxxis, Schwalbe, Kenda na wengine. Kabla ya kununua, pimeni nafasi kati ya tairi na fremu: ibaki angalau milimita 5 kila upande, maana gurudumu huyumba na udongo mwekundu wa masika hugandamana hadi ukala rangi na kuanza kula alumini yenyewe. Kwa mtu wa kilo 75 mwenye tyubu, anzeni na psi 30 (kipimo cha shinikizo la hewa) mbele na 33 nyuma. Wengi hujaza 50 kisha wanalaumu shoki. Kuhusu kuondoa tyubu, rimu nyingi za zamani hazikutengenezwa kushika tairi bila tyubu, na tairi inaweza kuchomoka kwenye kona. Palipo na miiba, wekeni maji ya kuziba ndani ya tyubu yenye valvu inayofunguka, mililita 60 hadi 90 kila moja. Katika joto letu hukauka baada ya miezi michache, kwa hiyo yaongezwe. Na wazo la kuingiza magurudumu ya 27.5 kwenye fremu ya 26 liacheni: rimu inapanda milimita 12.5 na pedi za V-breki, zile zinazobana rimu, haziifikii tena.

Breki. V-breki yenye pedi mpya, waya mpya na rimu iliyosafishwa inasimamisha vizuri, na huko vijijini inatengenezeka popote. Kama fremu na foku zina masikio ya diski na habu, yaani vitovu vya magurudumu, zina matundu sita ya bolti, seti ya mafuta kama Shimano MT200 ni hatua nzuri. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini, nyingi za SRAM hutumia DOT, mafuta kama ya breki za magari, na ukichanganya unaharibu mipira yote ya ndani. Diski iliyoandikwa kwamba ni ya pedi za rezini msiifungie pedi za chuma, italika haraka. Msishike uso wa diski kwa vidole vyenye grisi. Baada ya kufunga, endesheni kilomita 20 kwa saa, mpunguze hadi mwendo wa kutembea bila gurudumu kukwama, mrudie mara ishirini hivi kwa kila breki. Asiyefanya hivyo hurudi kwa fundi akisema breki ni dhaifu.

Sasa gia, ambako pesa nyingi hupotea. Wengi wanataka sproketi moja mbele. Faida ni ya kweli: waya mmoja, mnyororo hauruki, uzito unapungua. Lakini fanyeni hesabu. Sproketi ndogo ya zamani yenye meno 22 mbele na 34 nyuma, gawanya: kila mzunguko wa pedali unazungusha gurudumu mara 0.65. Meno 32 mbele na 42 nyuma ni 0.76. Gia yenu ya kupandia imekuwa nzito zaidi. Anayepanda Lushoto akiwa na mzigo atajuta. Kwake yeye nashauri abaki na mbili mbele, ndogo na ya kati, aondoe kubwa tu. Anayetaka moja atafute kaseti (fungu la sproketi za nyuma) yenye sproketi kubwa ya meno 46, hapo inakuwa 0.70.

Kwanza hakikisheni habu ya nyuma ni ya kaseti. Kama ni friwili, yaani fungu la sproketi linalosokotwa kwenye nyuzi za habu, kaseti haiingii. Mnahitaji gurudumu jingine, na afadhali, kwa sababu ekseli ya friwili ina beringi mbali na upande wa mnyororo na hupinda kirahisi. Pili, shifta ya mkononi na diraila inayohamisha mnyororo ziende pamoja. Diraila ya Shimano ya mlima ya gia tisa haivuti sawa na shifta yake ya gia kumi. Mtarekebisha mpaka jua lizame. Seti ya microSHIFT Advent ya gia tisa inakuja na shifta na diraila yake yenye klachi ya kuzuia mnyororo kurukaruka, na kaseti yake hukaa kwenye habu ya kawaida ya Shimano.

Sproketi moja ya mbele iwe na meno mapana na membamba yanayopokezana, ikae nafasi ya kati, kwenye bolti nne zilizopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 104. Tazameni bolti hizi mbili karibu. Hii ndefu ilibana sproketi mbili, hii fupi hubana moja. Ukitumia ndefu, inafika mwisho wa nyuzi kabla ya kubana. Mkononi utaiona imekaza, barabarani sproketi inacheza na kugonga. Mnyororo upimwe kwenye sproketi kubwa mbele na kubwa nyuma bila kupita kwenye diraila, kisha uongezwe pingili mbili. Na nunueni hanga ya akiba ya fremu hiyohiyo, kile kipande kinachoning'iniza diraila. Imewekwa ipinde badala ya fremu, na gia zikikataa kutulia, mara nyingi ndiyo iliyopinda.

Usukani mpana wa milimita 720 hadi 760 na stemu ya 60 au 70 unatosha. Msishuke hadi 40: fremu hizi ni fupi mbele, na magoti yatakaribia usukani. Bolti za stemu zikazwe Nm 5 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukazia), kidogokidogo kwa msalaba. Nguzo ya siti ipakwe grisi. Kwa walio Mombasa, Tanga na Unguja, itoeni, mfute na mpake upya kila miezi mitatu, maana chumvi huigandisha ndani ya fremu na kuitoa kunaweza kuimaliza fremu yenyewe.

Foku nimeiacha mwisho kwa makusudi. Ya hewa ni nzuri kuliko ya springi nzito, na pampu yake iingie kwenye bajeti. Ipakiwe hewa mpaka uzito wa mwendeshaji uizamishe robo ya safari yake, yaani umbali wote inaoweza kubonyea. Lakini kama fremu iliundiwa foku ya safari ya milimita 100, msifunge ya 130. Kila milimita 20 za urefu hulaza shingo kwa takriban digrii moja, na foku ndefu inakuwa wenzo mrefu unaoikwanyua shingo kila mnapogonga jiwe. Pale ndipo tulipomulika tochi.

Kwa fundi anayefunga kranki yenye tundu la mraba: kikombe cha kulia cha ekseli hufunguka kwa kufuata mshale wa saa, pedali ya kushoto vilevile. Bolti ya kranki ikazwe Nm 35 hadi 50, irudiwe baada ya safari ya kwanza. Ikilegea na mtu akaendelea kukanyaga, tundu la alumini hupanuka, na kranki hiyo haikazwi tena, inabadilishwa.