Ukitaka kwateti ya mtaa, hamia mtaani kwanza

Asanteni, kaeni jamani, na nyie wa mlangoni sogeeni, kuna viti huku mbele havina watu. Nimeombwa niongee kuhusu kuanzisha kwateti ya nyuzi kwa ajili ya jamii, na naona nusu yenu mnapiga vyombo na nusu mmemsindikiza mtu, sasa kwa faida ya wasindikizaji: kwateti ni violini mbili, viola moja (kama violini ila kubwa kidogo, sauti nzito zaidi) na selo moja (lile kubwa linalopigwa umekaa), watu wanne, hakuna kondakta wa kuongoza muziki, na kila mtu ana sehemu yake ambayo hakuna mwingine anaipiga. Hiyo ya mwisho ndo inaitofautisha na taarab. Kwenye kundi kubwa la taarab fidla zote zinapiga wimbo uleule, kila mmoja anautia nakshi zake, na ukipotea kidogo wenzako wanakubeba mpaka urudi. Kwenye kwateti ukipotea umepotea, na shimo linasikika mpaka barabarani.

Watu wakisikia violini na Ulaya wanawaza majumba na mawigi. Ni kweli kiasi. Ila zile kwateti za mwanzo kabisa za Haydn, mtunzi wa Austria, miaka ya 1750, zilitoka wapi? Kulikuwa na baroni mmoja anaitwa Fürnberg, ana makazi yake sehemu inaitwa Weinzierl huko Austria, alikuwa anataka muziki kidogo nyumbani, akakusanya waliokuwepo: paroko wake, msimamizi wa mashamba yake, Haydn ambaye alikuwa bado kijana tu anatafuta riziki, na bwana mmoja Albrechtsberger kwenye selo. Basi. Padri na meneja wa shamba! Haydn akatakiwa atunge kitu ambacho watu hao wanne wataweza kukipiga. Kwa hiyo mtu akikwambia muziki wa kwateti kwa asili yake ni wa wataalamu kwenye ukumbi wenye kiyoyozi mwambie akasome tena, tamasha za kulipia kiingilio zimekuja baadaye sana.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe nilichotaka kuwaeleza, cha Providence, mji wa Rhode Island, lile jimbo dogo kuliko yote Marekani. Mwaka 1997 kijana anaitwa Sebastian Ruth, ndo kwanza katoka kumaliza Chuo Kikuu cha Brown pale pale mjini, akaanzisha kitu kinaitwa Community MusicWorks. Upande aliouchagua ni wa magharibi mwa mji, West End na mitaa ya jirani, maeneo yenye kipato cha chini na wahamiaji wengi, kuna watu wa kutoka Jamhuri ya Dominika, Guatemala, Kambodia, hata Waliberia wapo wengi tu. Na moyo wa mradi ulikuwa kwateti, Providence String Quartet.

Hapa ndo nataka mnisikilize vizuri, maana wengi wakisimulia hiki kisa wanaishia kwenye "alifundisha watoto maskini violini bure" na hapo wanakosa uhondo wote. Kufundisha bure watu wengi wanafanya. Alichofanya yeye ni kuifanya kwateti iwe ajira ya mtaani, yaani wanamuziki wanalipwa mshahara, na ndani ya mshahara huohuo kuna kufundisha watoto, kuna mazoezi ya kwateti yenyewe, kuna kupiga matamasha pale pale mtaani, na tena wanamuziki waishi maeneo hayo, wanunue mkate duka lile lile wanakonunua wazazi wa wanafunzi wao. Mazoezi wakafanyia kwenye fremu ya duka, Westminster Street, dirisha la kioo linatazama barabara, mpita njia anawaona wamekunja sura wanarudia kipande kilekile kifupi cha muziki. Mimi napenda sana hiyo picha kwa sababu mtoto akikaa na mwalimu nusu saa anaona mwalimu anajua, lakini akisimama nje ya kioo anaona mwalimu anakosea, anabishana na mwenzake, anafuta alama ya penseli, anaanza upya. Huko ndiko muziki unakofundishwa.

Na kiwango hakikushuka, hili nalisema kwa wale wanaodhani ukienda mtaani umejizika. Jessie Montgomery alipitia kwenye hiyo kwateti kama mpiga violini, leo ni mtunzi mkubwa, amechukua tuzo ya muziki ya Grammy mwaka 2024. Ruth mwenyewe mwaka 2010 alipewa ile tuzo ya MacArthur, ya Marekani ya watu wabunifu, dola 500,000 zinazolipwa kidogo kidogo ndani ya miaka mitano. Lakini piga hesabu, 1997 mpaka 2010 ni miaka 13, na muda wote huo alikuwa mji uleule.

Mbona wanne, kwa nini isiwe okestra? Okestra unaijua bei yake? Okestra unaweza kuikusanya jumamosi ikacheza vizuri na jumapili kila mtu kwake, lakini watu arobaini huwezi kuwalipa mshahara mtaani kwa mtu yeyote. Wanne unaweza kuwatafutia. Na wanne wanaingia sebuleni, wanaingia darasani, wanaingia kwenye ua wa msikiti au wa kanisa. Ghetto Classics ya Nairobi, mradi wa kufundisha watoto muziki, iliyoanza 2008 kwenye eneo la kanisa pale Korogocho, wao wamekwenda njia ya okestra na inafanya kazi kwao, siwapingi hata kidogo, watoto wengi kwa mpigo wanapata chombo. Ila nawaambia nyie mliopo hapa, ambao mko wanne watano na hamna hela, msianze na ndoto ya okestra.

Ngoja niwape mfano wa cha kupiga. Haydn ana kwateti moja, Opus 76 namba 3 (hizo ni namba za orodha ya kazi zake), sehemu ya pili ni wimbo alioutunga 1797 kwa ajili ya mfalme wa Austria, leo ndo sauti ya wimbo wa taifa wa Ujerumani. Wimbo ni uleule haubadiliki, ila unazungushwa: violini ya kwanza inauimba, kisha anachukua violini ya pili na yule wa kwanza anapambapamba juu yake, halafu selo, halafu viola, mwishoni unarudi kwa violini ya kwanza. Kapige hiyo kwenye baraza la nyumba ya mtu. Bibi ambaye hajawahi kuona selo maishani mwake atasikia wimbo umehamia kwa yule mwenye chombo kikubwa, hahitaji kuelezwa na mtu. Na nyie wenyewe mtajifunza adabu, maana wa violini ya kwanza lazima apunguze sauti wakati si zamu yake, kitu ambacho wapiga violini ya kwanza, samahani dada uliyekaa mbele hapa, hamkipendi.

Kuhusu vyombo, haraka haraka. Watoto wanakua, kwa hiyo usinunue violini ukampa mtoto jumla, weka akiba ya kuazimisha, saizi ya robo, nusu, robo tatu, mtoto akikua anarudisha anachukua kubwa. Na tuko pwani jamani. Gundi ya violini inatokana na ngozi za wanyama na imewekwa iachie makusudi ili fundi aweze kukifungua chombo bila kuvunja mbao, sasa wewe ukikiacha kwenye gari limeegeshwa juani Kariakoo saa saba mchana, gundi nayo inaachia tu, haikungojei ufike kwa fundi.

Halafu kitu kimoja kuhusu maandiko ya kuombea fedha. Nimesoma mengi na karibu yote yanasema "tutawaokoa vijana na dawa za kulevya kupitia muziki". Mtoto wa miaka tisa anayekuja kujifunza selo hajaja kuokolewa, kaja kwa sababu kasikia ile sauti nzito ikamwingia. Ukimwandika kama mgonjwa ili upate hela ipo siku ataisoma hiyo karatasi. Andika mnataka kupiga nini, wapi, kila wiki siku gani, na nani atalipwa shilingi ngapi. Mfadhili akikataa hiyo, mwacheni aende.

Na kupiga kura ndani ya kwateti kunaleta mbili kwa mbili, mtakwama, hilo mlijue mapema. Kubalianeni kwamba wazo la kila mtu linapigwa kwanza kwa sauti, ndo mnabishana. Mara nyingi likishapigwa ubishi unaisha wenyewe.

Haya, kaka mwenye viola umenyoosha mkono muda mrefu, uliza.