Zimefunikwa, hazijapotea: usiku 11 chini ya /mnt/nakala

ZUHURA: Haya, tunarekodi. Juma, sauti yako ya leo si ya mtu aliyelala.

JUMA: Jumanne sikulala kabisa. Dada, nilidhani nimepoteza rekodi zetu zote za siku 11.

ZUHURA: Wasikilizaji, aliniandikia saa nane usiku. Neno moja tu: "Zimeenda."

JUMA: Nilikuwa natetemeka. Ile seva yangu mnaijua. Kila usiku skripti inachukua rekodi na kuzipeleka kwenye diski ya nje, pale kwenye folda ya /mnt/nakala. Inatumia rsync, programu ya kunakili faili, na nimeiwekea --remove-source-files.

ZUHURA: Yaani hunakili, unahamisha. Faili ikifika kule, huku inafutwa.

JUMA: Ndiyo. Sasa Jumanne mashine inaanza kulia "No space left on device". Naendesha lsblk kuona diski zilizopo, ya nje haimo. Waya umelegea. Nauchomeka vizuri, naandika mount /mnt/nakala, amri ya kuiunganisha diski na folda hiyo, inakubali. Naingia ndani, rekodi ya mwisho ni ya siku 11 nyuma.

ZUHURA: Na mashine bado imejaa.

JUMA: Imejaa vilevile! df inasema asilimia 100. du -xsh / inasema nimetumia giga 41, na diski ni ya giga 120. Natafuta faili za sauti za siku hizo: find / -name '*.wav' -mtime -11. Kimya. Haikuleta hata jina moja.

ZUHURA: Subiri, usiende mbio. df na du watu wanazichukulia kama mapacha, na si mapacha. df inauliza mfumo wa faili wenyewe: bloku ngapi zimeshikwa? Inasoma daftari. du inatembea, folda kwa folda, ikijumlisha inachokutana nacho. find pia inatembea. Kama kuna kitu kimefunikwa njiani, anayetembea atakipita, mwenye daftari atakihesabu. Zikitofautiana hivyo, ama kuna faili iliyofutwa na programu bado imeishikilia, ama kuna kitu kimefunikwa.

JUMA: Na aliyefunika ni mimi. Diski ilipokuwa haipo, /mnt/nakala ilikuwa folda ya kawaida tu kwenye diski kuu. Skripti haikuona tofauti, ikaandika humo usiku 11. Halafu nilipoambatisha diski…

ZUHURA: Ulipofanya nini?

JUMA: Nilipoambatisha. Haya, nilipopachika.

ZUHURA: Hapana. Tunataka Kiswahili cha mount. Kuambatisha tumewaachia watu wa barua pepe. Na kitu kinachopachikwa kinaingia kwenye nafasi iliyo wazi. Kwako kulikuwa na nafasi wazi? Mlikuwa na giga sabini na kitu mle! Neno ni kubandika. Ukibandika tangazo juu ya tangazo, lile la chini halijachanika. Lipo, husomi tu. Ukibandua, unalikuta.

JUMA: Na bandua ndiyo umount, amri ya kuiondoa diski pale.

ZUHURA: Tena bandua haikukosa herufi.

JUMA: Kwa wanaoanza: ni umount, n ya kwanza haipo. Na haikuwepo tangu kitabu cha mwongozo wa Unix, mfumo zilikotoka amri hizi, cha Novemba 1971. mount, find, df, du, zote zimo mle, na umount yao bila n.

ZUHURA: Miaka yote hiyo, na sisi tuna -ua tayari. Funga, fungua. Bandika, bandua.

JUMA: Kuna wanaosema kuangika.

ZUHURA: Kisha wakitaka kuitoa wanaiangua? Diski itoe vifaranga?

JUMA: [anacheka] Kuangua ni kushusha pia! Tunda linaanguliwa mtini.

ZUHURA: Mwambie mwanafunzi "angua diski" uone atakuletea nini.

JUMA: Basi tundika.

ZUHURA: Tundika, tundua. Lakini kilichotundikwa kinaning'inia, ukichungulia nyuma unaona ukuta. Kwenye mount huchungulii.

JUMA: Sawa, nami nikuulize. Diski ikishabandikwa, naingia ndani yake, nafungua folda, natembea. Nani amewahi kuingia ndani ya tangazo?

ZUHURA: …

JUMA: Nasubiri.

ZUHURA: Hilo limenishinda. Lakini bandika inabaki, kwa ajili ya kule kufunika. Tuambie ulizionaje.

JUMA: Nilitaka kubandua. Nikajibiwa "target is busy".

ZUHURA: Teminali yako ilikuwa imekaa mle mle.

JUMA: Imekaa, na programu nyingine ilikuwa inasoma. fuser -vm, inayotaja programu zinazotumia diski, ilinionyesha zote mbili. Ndipo nikakumbuka ile njia yako: mount --bind / /mnt/chini. Inaleta diski kuu peke yake, bila vilivyobandikwa juu yake. Nikaandika ls /mnt/chini/mnt/nakala. Zuhura, zilikuwa zimepangana, usiku kwa usiku. Nilikaa sakafuni.

ZUHURA: Najua. Ujumbe wa pili ulikuwa herufi kubwa tupu.

JUMA: Nimeshaweka kinga. Skripti inaanza na mountpoint -q /mnt/nakala || exit 1: kama diski haijabandikwa, inaishia hapo. Na folda yenyewe, ikishakuwa tupu na diski haipo, nitaipiga chattr +i, amri ya kuifunga isiandikwe. Hata root, msimamizi mkuu wa mashine, hataandika humo.

ZUHURA: Hapo umefanya kazi. Sasa toa nofail kwenye fstab, ile orodha ya diski za kubandika mashine ikiwaka.

JUMA: Sitoi.

ZUHURA: Juma, nofail ndiyo iliyoiambia mashine iwake kana kwamba mambo ni shwari. Bila nofail ingesubiri diski sekunde 90, ikiikosa ingesimama kwenye hali ya dharura. Ungejua siku ya kwanza!

JUMA: Ningejuaje? Haina skrini, haina kibodi, na mimi niko mbali nayo. Katika hali ya dharura ssh, njia yangu ya kuingia kwa mbali, haijawaka. Diski moja ya nakala inazima huduma zote?

ZUHURA: Mashine iliyosimama inakulazimisha uende. Yako iliendelea kufanya kazi huku inaandika mahali pasipo pake.

JUMA: Ndiyo maana nimeweka mountpoint.

ZUHURA: Kwenye skripti hiyo. Ile utakayoandika mwezi ujao ukiwa umechoka?

JUMA: chattr itaizuia.

ZUHURA: Ukikumbuka kuiweka tena siku utakapobadilisha diski kuu. Mimi sitaki usalama unaotegemea kumbukumbu ya mtu.

JUMA: Na mimi sitaki seva ambayo waya mmoja ukilegea siwezi kuifikia. Hapo hunitoi.

ZUHURA: Sikutoi, na mimi sitoki.

JUMA: Tumebakiwa na dakika mbili.

ZUHURA: Mbili? Na tulipanga leo kufundisha find! Alama za nukuu, -newer, kwa nini -delete inakaa mwisho…

JUMA: Hiyo ya -delete iseme tu.

ZUHURA: find inasoma masharti kutoka kushoto. Ukitanguliza -delete kabla ya -name, inafuta kila inachokutana nacho, jina halijaulizwa bado. Anza na -print, uone orodha. Mengine hayatoshi leo. Juma, zile za chini umeshazifuta?

JUMA: Bado. Nimezinakili kwenye diski ya nje, lakini kila nikitaka kufuta, mkono unakataa.

ZUHURA: Uache ukatae. Endesha rsync -ancv kutoka /mnt/chini/mnt/nakala/ kwenda /mnt/nakala/. n ni ya kujaribu tu, haigusi kitu. Ikitaja faili yoyote, usifute.

JUMA: Na c inasoma kila baiti?

ZUHURA: Kila baiti, pande zote mbili.

JUMA: Giga sabini na kitu. Nitakesha tena.

ZUHURA: Nitakuwa macho. Niandikie.