Jinsi ya Kuchora Vipokezi vya Homoni Katika Seli Inayotengeneza Surfaktanti

Karibu, mtazamaji. Andaa karatasi nyeupe, penseli na kalamu mbili za rangi, ya buluu na nyekundu.

Kwanza, chora kifuko cha hewa cha pafu la mtoto anayekaribia kuzaliwa, na kwenye kona ya ukuta wake weka seli moja nene ya aina ya pili. Hiyo ndiyo inayotengeneza surfaktanti, yaani mchanganyiko wa mafuta na protini unaozuia kifuko kisinywee mtoto anapotoa pumzi. Ndani yake chora kiini, kisha vifurushi vyenye matabaka kama ya kitunguu, ambamo surfaktanti huhifadhiwa.

Sasa shika kalamu ya buluu. Wengi hukosea hapa: wakishasikia neno kipokezi, yaani protini ya seli inayopokea ujumbe wa homoni, hukibandika kwenye utando wa nje wa seli bila kuuliza ni cha homoni gani. Kipokezi cha kortisoli, homoni inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, hakikai huko. Kichore ndani, katika majimaji yanayozunguka kiini, kikiwa kimeshikwa na protini zinazokitunza. Kortisoli huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo hupenya utando, hukamatana na kipokezi chake, na kwa pamoja huingia katika kiini na kuamsha jeni za protini za surfaktanti. Andika pembeni neno “saa”, kwa kuwa jeni ikishaamshwa, protini bado haijatengenezwa; kazi hiyo huchukua saa kadhaa. (Seli jirani za tishu unganishi nazo zina kipokezi hiki na huisaidia seli yetu kukomaa, lakini tukizichora karatasi haitatosha.)

Kalamu nyekundu ni ya kipokezi cha adrenalini cha aina ya beta-2, nacho ndicho kinachokaa kwenye utando. Wakati wa uchungu wa kuzaa, adrenalini ya mtoto hupanda, hukigusa kipokezi bila yenyewe kuingia ndani, na ishara inayopita ndani ya seli huvifanya vifurushi vimwage surfaktanti iliyokwisha kutengenezwa. Hapa andika “dakika”.

Mwisho, nje ya seli chora kondo la nyuma. Kondo huibatilisha sehemu kubwa ya kortisoli ya mama, ilhali deksamethasoni, dawa inayofanya kazi kama kortisoli, hupita kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana mama anayetarajiwa kujifungua mtoto njiti huweza kudungwa miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara 4. Watafiti Liggins na Howie wa New Zealand walionyesha faida ya tiba ya aina hii mwaka 1972, wakitumia betamethasoni, dawa inayofanana nayo. Vuta mshale wa dawa kutoka kwenye kondo hadi ndani ya seli. Ukiishia kwenye alama nyekundu, ufute na uuelekeze kwenye ya buluu.