Jinsi Mtambo wa Kulainisha Maji Unavyofanya Kazi Nyumbani

Karibu mtazamaji. Wengi hudhani chumvi ndiyo inayolainisha maji. Sivyo. Kazi hiyo hufanywa na rezini, hizi punje za kahawia zilizojaa ndani ya tangi refu. Sogea uzione: nyingi hazifiki hata milimita 1. Kila punje imebeba sodiamu. Maji magumu, yaani yenye madini mengi ya kalisi na magnesi, yakipita, punje inanasa madini hayo, inaachia sodiamu. Zikishajaa, maji ya chumvi huziosha na kuzirudishia sodiamu yake.

Anza kwa kupima ugumu wa maji yako kwa vijikaratasi vya kupimia. Tuseme umepata miligramu 300 kwa lita, na nyumba inatumia lita 600 kwa siku. Hiyo ni gramu 180 za ugumu kila siku. Lita 25 za rezini hubeba takriban gramu 1,200, kwa hiyo weka mtambo ujioshe kila baada ya siku 6. Usikisie: ukichelewesha, maji magumu yanapita; ukiwahisha, unamwaga chumvi bure.

Panga uoshaji ufanyike usiku watu wakiwa wamelala, kwa sababu mtambo unapojiosha, bombani hutoka maji magumu.

Sasa, tatizo linalosumbua kuliko yote: sabuni haitoi povu, na chumvi haipungui kwenye tangi la chumvi. Mara nyingi chumvi imeganda juu kama dari, chini pakabaki wazi. Chukua mpini wa ufagio, usukume chini taratibu mpaka ukoko uvunjike. Usigonge tangi kwa nje, plastiki itapasuka. Kama hakuna ukoko, geuza valvu ya pembeni ili maji yaukwepe mtambo, toa presha, kisha fungua injekta, kile kifaa kidogo kinachonyonya maji ya chumvi, uioshe kwa maji ya vuguvugu. Usichokonoe tundu lake kwa pini. Likipanuka tu, halinyonyi tena vizuri.

Faida utaiona kwenye hita, ambayo haitajenga ukoko mpya wa madini, na kwenye sabuni, utakayotumia kidogo zaidi.

Lakini mtambo huu hauui vijidudu. Tena, kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa huongeza miligramu 46 hivi za sodiamu. Mwambie fundi aache bomba moja la jikoni nje ya mtambo, kwa maziwa ya mtoto mchanga na kwa aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi.