Kupamba matufe ya kioo ya Krismasi kwa rangi ya kucha

Haya, karibuni tena. Leo tunachukua matufe ya kioo, yale ya kutundika kwenye mti wa Krismasi, tunayavisha michirizi ya marumaru kwa rangi ya kucha. Ndiyo, hiyo hiyo ya kupaka vidoleni. Hakuna kuchora kwa brashi. Hata kama hujui kuchora mstari ukanyooka, usiogope, kwa sababu leo anayechora ni maji. Wewe unachotakiwa ni kuwahi.

Tazama mezani. Nina matufe ya kioo, mengine yanaonyesha ndani, mengine meupe. Nina chupa tatu za rangi ya kucha, chombo cha maji ambacho sitakirudisha jikoni, vijiti vya meno, spiriti, asetoni ya kufutia rangi ya kucha, pamba, utepe wa gundi na magazeti ya kutandika. Chombo kiwe kipana kupita tufe na kina chake kimeze tufe lote hadi karibu na shingo. Kopo kuukuu linafaa sana. Vikombe vile vyeupe vya povu viache, maana asetoni huviyeyusha, na rangi ya kucha nayo inaweza kuvila.

Sasa rangi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi hukwama hapa wakadhani mkono wao ndio mbovu. Chukua rangi ya kawaida, nyepesi, inayotiririka kutoka kwenye brashi yake bila kuvutwa. Iliyokaa mpaka ikawa nzito haitatandaa, itabaki donge. Rangi ya jeli usiiguse kabisa, ile haikauki bila taa yake maalumu. Na zile zinazojisifu kukauka haraka, ubora wao huo ndio unaotuharibia leo, kwani zitaganda juu ya maji kabla hujageuka kuchukua tufe. Zenye vipande vikubwa vya pambo nazo sizitaki kwa kazi hii, vipande huvuta rangi chini.

Idadi je? Rangi mbili zinatosha, tatu mwisho. Najua chupa zote zinakuita, lakini ukifika ya tano, unachopata ni tope. Mimi napenda moja iliyokoza, moja nyeupe, na moja ya dhahabu au fedha ya kumetameta kidogo.

Fungua madirisha kabla hujafungua chupa. Mvuke wa rangi ya kucha na asetoni unaumiza kichwa na unashika moto upesi, kwa hiyo mshumaa, jiko na sigara vikae mbali na meza hii. Watoto wakitaka kushiriki, awepo mtu mzima wa kushika kioo na asetoni.

Tuanze na tufe lenyewe. Toa kile kifuniko cha chuma chenye kishikizo, polepole, ukikivuta sawasawa pande zote, kwa sababu ukingo wa shingo ni mwembamba na hupasuka kirahisi. Ziba mdomo kwa kipande cha utepe maji yasiingie. Kisha lowesha pamba kwa spiriti ufute tufe zima. Kuanzia hapo lishike shingoni tu. Alama ya kidole huioni sasa hivi, lakini ina mafuta, na rangi ikifika hapo inaweza kuachia ukabaki na tundu lenye umbo la kidole chako.

Vaa glavu nyembamba. Kama huna, zungushia utepe kwenye vidole vitakavyoingia majini.

Mimina maji. Yawe ya kawaida, si ya baridi wala ya moto. Ya baridi yanaifanya rangi isitandae, ya moto yanaikausha mbio. Yaache yatulie kabisa.

Legeza vifuniko vya chupa zote sasa, vijiti viwe pembeni, tufe liwe karibu na mkono. Ninasisitiza hilo kwa sababu rangi ya kucha imeyeyushwa kwa vimiminika kama ethili asetati na butili asetati, ambavyo ni vyepesi kuliko maji na vinaruka hewani haraka. Wepesi wake unasaidia rangi ielee. Vimiminika hivyo vikisharuka, kinachobaki ni utando mgumu wa nitroselulosi. Kati ya kusambaa na kuganda una sekunde chache tu, na kazi yote ya leo inafanyika humo ndani.

Twende. Shusha brashi karibu kabisa na maji, tone liguse maji bila kudondoka. Ukilidondosha kutoka juu, litazama moja kwa moja. Ona lile la kwanza linavyokimbia hadi ukingoni, limekuwa jembamba mpaka rangi karibu haionekani. Ni kawaida, hilo linatandika njia tu. Tone la pili, katikati yake. La tatu, rangi nyingine, katikati tena. Kila linaloingia linamsukuma mwenzake kwenda nje, na unapata duara ndani ya duara. Matone matano au sita yanatosha. Hakikisha duara la nje ni pana kuliko tufe, na ikiwezekana pana sana, la sivyo mchoro utaishia tumboni na juu kubaki uchi.

Chukua kijiti cha meno. Anzia duara la pili, si la nje kabisa, kwa sababu ukingo wa nje umeshaanza kuganda na utauburuta wote uje na kijiti. Vuta kuelekea katikati. Futa ncha. Vuta tena kutokea upande mwingine. Futa ncha. Sogeza juu juu tu, usichovye kijiti ndani ya maji. Mivuto mitatu au minne, acha. Mchoro ulioachwa mapema hauchoshi macho, uliokorogwa sana hauna pa kutazama.

Sasa tufe. Lishike shingoni, lielekeze tumbo lake katikati ya mchoro, lishushe moja kwa moja. Utahisi linasukuma kurudi juu, kwa sababu ndani kuna hewa. Lisukume kwa nguvu ya kiasi, mwendo mmoja bila kusita. Ukisimama katikati, utaona mstari umezunguka tufe kama mkanda. Tazama utando unavyopanda ubavuni na kulikumbatia. Ishia chini kidogo ya shingo.

Usitoe bado! Tufe likiwa humo humo majini, chukua kijiti kwa mkono wa pili, zungusha juu ya maji ukusanye utando wote uliobaki. Unajikunja wenyewe kwenye kijiti. Maji yakiwa safi, ndipo unalinyanyua polepole. Ukiruka hatua hii, mabaki yatapanda juu ya mchoro wako ukiwa unatoka, na tufe zuri litageuka kuwa na ngozi mbili zilizokunjamana.

Matone ya maji yaliyong'ang'ania usiyafute. Rangi bado ni laini, utaiburuta. Gusisha ncha ya karatasi laini pembeni ya tone, litanyonywa lenyewe. Kisha simamisha tufe likaukie: kijiti cha mishikaki kilichochomekwa kwenye kipande cha sponji, tufe juu yake, mdomo chini, utepe ukiwa umetolewa. Baada ya kama saa moja unaweza kuligusa kidogo, lakini kuliweka pamoja na mengine subiri hadi kesho yake.

Limetoka lina mikunjo? Ulichelewa, utando ulishaganda. Lina matundu? Mafuta ya vidole, au viputo vya hewa kwa sababu ulizamisha kwa pupa. Rangi zimefifia? Kwenye kioo kinachoonyesha ndani, utando huu ni mwembamba na mwanga unapita, wengine wanaupenda hivyo hivyo. Ukitaka rangi ziwake, mimina rangi nyeupe ya akriliki kidogo ndani ya tufe, lizungushe mpaka ukuta wote uvae, kisha ligeuze mdomo chini limwage ziada. Likishaacha kuchuruzika, liache wazi mpaka likauke, na hilo huchukua siku kadhaa. Na kama hulipendi kabisa, pamba yenye asetoni inafuta kila kitu, kioo kinabaki kama kilivyokuwa. Ndiyo sababu nachagua kioo. Baadhi ya matufe ya plastiki yangechafuka au kuyeyuka kwa asetoni hiyo hiyo.

Ulinzi wa mwisho: tumia vanishi ya maji, tabaka jembamba, kwa brashi laini. Wengi hukimbilia rangi ya kucha isiyo na rangi, nami siishauri, kwani viyeyusho vyake vinaamsha mchoro wa chini na brashi inauburuta. Na kama mkono umeshanogewa ukatamani kupamba na vikombe vya chai kwa njia hii, usipake mahali mdomo unapogusa wala ndani. Rangi hii si ya chakula.

Kabla ya kumwaga maji, vua utando wote kwa kijiti na karatasi, uache ukauke, uutupe kwenye takataka. Rangi isiende kwenye sinki.

Rudisha kifuniko sasa. Bana miguu miwili ya waya kwa vidole, iingize shingoni, iachie ijifungue yenyewe ndani. Vuta kidogo uone imeshika, ndipo utundike.