Kiti cha Kura Moja: Waziri Mkuu wa Tuvalu

RUKIA: Assalaam alaykum wasikilizaji, karibuni barazani. Mie Rukia, na mwenzangu Haji yupo, kahawa mkononi kama kawaida.

HAJI: Waalaykum salaam. Kahawa ya leo ina kazi, dada yangu. Nimekesha nasoma habari za Tuvalu.

RUKIA: Tuvalu! Nusu ya wanaotusikiliza hawajui iko upande gani.

HAJI: Pasifiki, baina ya Hawaii na Australia. Visiwa tisa vidogo vya matumbawe, watu kama 11,000. Waalike wote uwanja wa Amaan, viti vitabaki. Lakini bunge wanalo, Waziri Mkuu wanaye, na mfalme wao ni Charles huyohuyo wa Uingereza.

RUKIA: Anza na ile ya meli uliyonihadithia jana.

HAJI: Januari 26, 2024 wananchi wamepiga kura. Waziri Mkuu aliyekuwapo, Kausea Natano, kaangushwa jimboni kwake, Funafuti, mji mkuu wenyewe. Sasa wabunge wakutane wamchague mwingine. Watakutana vipi? Bahari imechafuka, wa visiwa vya nje hawafiki. Ndege za ndani hakuna, ni meli tu. Nchi imekaa mwezi mzima.

RUKIA: Kama sie na boti ya Pemba kukiwa na upepo mbaya.

HAJI: Tena hapo anayesubiriwa si bibi harusi, ni serikali! Walipofika, jina lililopelekwa likawa moja tu: Feleti Teo, aliyepata kuwa Mwanasheria Mkuu, kisha akaongoza tume ya uvuvi wa jodari ya Pasifiki. Jina likiwa moja, kura haipigwi. Gavana Mkuu, yule anayemwakilisha mfalme, anatangaza, basi.

RUKIA: Wa chama gani?

HAJI: Vyama hawana. Wabunge ni 16, majimbo manane, kila jimbo wawili. Kila mtu kaingia kwa jina lake na jamaa zake. Wakishachaguliwa ndipo wanaanza kutafutana usiku: wewe uko na nani, na mie nitapata wizara ipi.

RUKIA: Kwa hiyo hakuna kiongozi wa chama wa kumwambia mbunge, "ukituasi tunakuvua uanachama".

HAJI: Hayupo. Ndiyo maana mtu mmoja akihama, serikali imekwenda. Maatia Toafa alichaguliwa Septemba 2010, Desemba akatolewa kwa kura 8 kwa 7, wabunge wakati huo wakiwa 15. Aliyemrithi, Willy Telavi, naye akapata 8 kwa 7. Na 1993, walipokuwa wabunge 12, kura zilikuja 6 kwa 6, zikarudiwa, 6 kwa 6 tena. Ikabidi bunge livunjwe, wananchi warudi vituoni mwaka uleule.

RUKIA: Huyo Telavi si ndiye mwenye kisa?

HAJI: Ngoja nimeze kwanza. Haya. Mwisho wa 2012 waziri wake wa fedha kafariki, kiti cha Nukufetau kiko wazi. Telavi haitishi uchaguzi mdogo. Anajua akikipoteza hicho, hesabu imegeuka. Kesi ikaenda Mahakama Kuu, ikaamuliwa aitishe. Juni 2013 uchaguzi ukafanywa, na upinzani ukashinda.

RUKIA: Wakawa wengi.

HAJI: Wanane! Sasa Telavi haitishi bunge. Gavana Mkuu, Iakoba Italeli, akaliitisha mwenyewe. Siku ya kikao waziri wa afya akajiuzulu ubunge. Telavi akasema: jamani, kiti kimoja kiko wazi, tusubiri uchaguzi mdogo mwingine.

RUKIA: Huyo alikuwa anacheza bao! Kila ukikaribia kumla, anahamisha kete.

HAJI: Na kete ya mwisho akataka kumng'oa Gavana Mkuu mwenyewe, akamwandikia Malkia. Gavana Mkuu akamwahi. Agosti 1, 2013 kamfukuza kazi, kamweka Enele Sopoaga. Siku chache baadaye wabunge wakamchagua Sopoaga rasmi.

RUKIA: Mie hapo sipapendi. Mtu hakupigiwa kura na yeyote, anamfukuza Waziri Mkuu?

HAJI: Na Waziri Mkuu asiyetaka bunge likae, huyo unampenda?

RUKIA: Wote wawili sitaki. Lakini usinifanye nisahau, na sie Zanzibar tulikuwa na Waziri Mkuu wetu. Mohammed Shamte. Uhuru Desemba 10, 1963, Mapinduzi Januari 12, 1964.

HAJI: Akiwa Waziri Mkuu wa nchi huru kwa mwezi na siku mbili. Toafa kamzidi.

RUKIA: Halafu tukaja kuwa na Waziri Kiongozi, hadi 2010. Haya, rudi Pasifiki. Huyo wa Tuvalu akishakaa kwenye kiti anafanya nini, ukiacha kuhesabu vichwa?

HAJI: Anazunguka dunia kueleza kwamba nchi yake inaliwa na bahari. Natano, 2023, alitia saini mkataba na Australia: Watuvalu 280 kila mwaka wapate kuhamia huko. Na wao, wakitaka mkataba wa ulinzi na nchi nyingine, wakubaliane na Australia kwanza.

RUKIA: Ghali hiyo.

HAJI: Wapinzani walisema hivyohivyo. Teo naye akauendeleza, ukaanza kutumika Agosti 2024.

RUKIA: Ofisi yenyewe ikoje?

HAJI: Jengo la serikali la ghorofa tatu, Vaiaku, ubavuni mwa uwanja wa ndege. Jioni vijana wanacheza mpira palepale zinapotua ndege, wengine wamekaa wanapunga upepo. King'ora kikilia wanatoka, ndege inatua, wanarudi.

RUKIA: Na Waziri Mkuu yuko dirishani anatazama mpira.

HAJI: Mpira? Ningekuwa mie ningetazama nani kasimama na nani.